Mgonjwa wa akili amerudi nyumbani: jamaa ifanye nini?



Mtu akivunjika mguu kule Shituru, jamaa yote inajua la kufanya: wanampelekea chakula, wanamwosha, wanangojea mfupa uunge. Lakini akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akikosa usingizi na kuogopa hata watoto wake, wengi wanasema amelogwa. Wanamfunga kamba ao wanamficha, na ugonjwa unakomaa.

Kwanza gusa mwili wake. Malaria kali inaweza kuvuruga akili ghafula. Mwenye homa apelekwe hospitali mara moja. Kama hakuna homa, daktari atatafuta sababu nyingine. Kituo cha Mabruda wa Upendo, chenye jina la Joseph Guislain, kiko Lubumbashi, kilometa 120 hivi toka Likasi. (Guislain alikuwa daktari wa Ubelgiji aliyepigania wagonjwa wasifungwe minyororo, alikufa mwaka 1860.) Nauli si ndogo, na mgonjwa hakai kule siku zote. Kazi kubwa iko nyumbani.

Baada ya majuma machache ya dawa, mgonjwa anatulia. Hapo ndipo jamaa nyingi zinapoteleza: wanasema amepona, vidonge vinaachwa, na ugonjwa unarudi. Hata baada ya pigo la kwanza, dawa huendelea angalau mwaka 1 tangu apate nafuu. Baba wa zamu ya usiku hawezi kuangalia kidonge cha jioni. Basi achaguliwe mtu mmoja, dada ao shangazi, avihesabu. Shingo ikikakamaa ao mikono ikitetemeka, rudini kwa daktari abadilishe kipimo.

Tena kuna maneno ya nyumbani. Katika uchunguzi wa London uliotolewa mwaka 1972, wagonjwa walifuatwa miezi 9. Kati ya waliorudi penye lawama na ukali, zaidi ya nusu waliugua tena. Penye utulivu, chini ya 2 kati ya 10. Si kusema jamaa ndiyo iliyoleta ugonjwa, hapana. Lakini anayelala mpaka saa nne pengine si mvivu: ni ugonjwa, ao ni usingizi wa dawa. Mpeni kazi ndogo, kama kupalilia mihogo, bila kumfokea.

Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni kamba na sumu ya panya, mumpeleke hospitali siku ileile.

Na yule anayerudi kazini, bibi yake amkumbushe kuonyesha dawa zake kwa daktari wa kazi mbele ya kupanda kreni ao kushika mashini yoyote.