Maji Kwanza, Dawa ya Meno Ibaki Bafuni

Mtoto akiungua mtaani kwetu, watu wa kusaidia hawakosekani. Kilio hakijakolea, huyu ameshaleta dawa ya meno, yule ute wa yai, mwingine asali au unga wa ngano. Wote wana nia njema kabisa. Anayekosekana ni mtu wa kusema, "Leteni maji." Ninaendesha kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Mbagala, na tangu nipate mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, nimejitwisha kazi ya kuwa mtu huyo.

Kuungua ndiko ninakokutana nako zaidi, na sababu zake ziko sakafuni. Jiko la mkaa tunaliweka chini, sufuria ya uji tunaiepulia chini, chupa ya chai iko kwenye stuli. Mtoto anayeanza kutembea kimo chake ni hichohicho. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu, na chai iliyokwisha kukaa robo saa kikombeni bado inaweza kumbabua. Kwa hiyo kwangu jiko liko nyuma ya kizuizi cha mbao, mipini ya sufuria inaelekea ukutani, na hakuna mtu anayekunywa chai huku amempakata mtoto, hata awe mgeni wa heshima.

Akishaungua, mwondoe kwenye moto au kwenye kilichomwagika, kisha umvue nguo iliyolowa, bangili na shanga kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, kata kuizunguka. Halafu mwagia maji ya kawaida yaliyopoa, si barafu, kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu mtoto akiwa analia, ndiyo maana naangalia saa ya simu badala ya kukisia. Kama bomba halitoi, ndoo na kopo vinatosha: mweke juu ya beseni, mwaga polepole bila kukatisha. Sehemu nyingine ya mwili ifunike kwa khanga kavu, maana mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Na kama ameletwa kwako saa nzima baadaye, mwagia vilevile. Maji yanasaidia hata ndani ya saa 3 tangu aungue.

Kuna mchana mmoja uji ulimwagikia mkono wa mtoto wa jirani. Nilipofika, bibi yake alikuwa na yai mkononi, tayari kulipasua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, nisaidie kumshika nimpake."

"Sawa bibi, ila tuanze na maji. Yai lisubiri kidogo."

Akakubali. Yeye alimpakata, mimi nikamwaga kwa kopo kuanzia kiwikoni kushuka hadi vidoleni, maji yakirudi kwenye beseni. Mwanzoni mtoto alijinyonganyonga. Ndoo ilipokaribia kuisha, kilio kilikuwa kimegeuka kwikwi, na bibi mwenyewe akaniambia niongeze nyingine. Yai likabaki pale dirishani. Ukweli ni kwamba ute wa yai bichi unaweza kuingiza vijidudu kwenye kidonda, na dawa ya meno inafungia joto ndani ya ngozi. Zaidi ya hapo, chochote ulichopaka, muuguzi atalazimika kukisugua kukitoa kwenye nyama mbichi. Hayo ni maumivu ya pili ambayo mtoto hakustahili.

Baada ya maji, laza juu ya jeraha nailoni safi ya kufungia chakula au kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi, bila kukaza. Pamba usiweke, inanasa. Malengelenge usiyatumbue. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, nenda hospitali. Aliyeunguzwa na umeme aende hata kama jeraha ni dogo, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja vivyo hivyo. Beba kadi ya kliniki ili waone chanjo yake ya pepopunda.

Sasa mafuta ya taa. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu tunachokifanya majumbani ndicho kinachoumiza. Mtoto amekunywa, mama anamtia vidole kooni atapike, kisha anampa maziwa. Mafuta ya taa hatari yake kubwa ni mapafu. Akitapika, yanapita njia ya hewa mara ya pili. Kwa hiyo usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, chukua ile chupa na umpeleke hospitali hata kama anacheza. Kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Jiki na kostiki soda ya kutengenezea sabuni navyo havitapishwi, kwani vinaunguza koo vikishuka na vinaliunguza tena vikipanda. Na vyote hivi, mafuta ya taa yakiwemo, usivitie kwenye chupa ya soda: mtoto wa miaka miwili hawezi kujua kwamba ndani yake leo hamna soda.

Kupaliwa hakukupi muda wa kwenda kokote. Karanga nzima, kokwa za ubuyu, pipi ngumu na sarafu hazifai mikononi mwa mtoto mdogo. Karanga mimi nazisaga kwa wote walio chini ya miaka 5. Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu na sauti inatoka, mwache akohoe na ukae naye karibu. Akinyamaza, akishindwa kuvuta pumzi, midomo ikianza kubadilika rangi, anza hapohapo. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya umelishika, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, mgeuze umkandamize katikati ya kifua mara 5. Tumbo la mtoto huyu usilibane kabisa. Aliyezidi mwaka mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5. Ikishindikana, piga goti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na kifua, vuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu hadi kitoke. Usichokore kooni kwa kidole ikiwa kitu hukioni, utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, mlaze sakafuni uanze kumkandamiza kifua, na mwingine akimbilie usafiri. Na yule uliyembana tumbo akapimwe hospitali hata kama amepona.

Mengine kwa ufupi. Damu ya pua: ainame mbele, si kuangalia juu, na umbane pua sehemu laini kwa dakika 10. Degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, na kama linazidi dakika 5 ni mbio hospitali; hata likiisha lenyewe, akapimwe siku hiyohiyo. Mbwa akimuuma au kumkwaruza: osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha siku hiyohiyo akaanze chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana hakuna tiba inayotegemewa. Ameanguka kutoka kwenye mwembe: akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, au maji ama damu ikitoka sikioni, usingoje kesho. Ndoo na madiaba ya maji yafunikwe; mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache, na hapigi kelele.

Haya yote yanasomwa na mama au baba mwenye simu, lakini anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi au bibi. Yeye ndiye atakayekuwepo uji ukimwagika. Jioni hii kaa naye, mwonyeshe kwa mdoli au mto jinsi ya kumpiga mtoto mgongoni, mwambie dakika 20 za maji zinahesabiwaje, mpe namba yako na ya jirani mwenye bajaji. Weka nauli mahali anapopajua, na umwambie wazi kwamba mtoto akiumia ana ruhusa ya kuondoka kwenda hospitali bila kukusubiri. Halafu ingieni wote jikoni, mkatoe mafuta ya taa kwenye ile chupa ya soda.