KARATASI YA MSHAHARA: KODI, NYUMBA NA UZEE

Kila mwisho wa mwezi watumishi wa mahoteli ya Shanzu hupokea karatasi ya mshahara. Wengi hutazama jumla ya chini tu, kisha huikunja. Yafaa isomwe mstari kwa mstari, maana humo mna makao ya mtu na riziki ya uzee wake.

Jambo hili ni la zamani. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa ajili ya ujira mdogo na ughali wa maisha. Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter ilieleza kuwa ujira wa chini ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, wala si ya mwenye mke na watoto. Mtu wa ujira huo hawezi kujiwekea akiba ya uzee. Hazina ya NSSF ilianzishwa mwaka 1965.

Tuchukue mtumishi apataye shilingi 30,000, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF hukata asilimia 6, yaani shilingi 1,800. Bima ya afya asilimia 2.75, yaani 825. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 450. Tajiri naye hutoa kiasi sawa kwa NSSF na kwa nyumba, lakini si kwa afya.

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, fedha hizo tatu huondolewa kwanza, ndipo kodi huhesabiwa juu ya shilingi 26,925 zilizosalia. Baada ya nafuu ya 2,400, kodi huwa shilingi 731 na senti 25. Zisingeondolewa, ingekuwa 1,500.

Tena, ushuru wa nyumba hauondoi posho ya nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka tajiri ampe mtumishi nyumba au fedha za kupangia, isipokuwa mapatano yao yameziunganisha na mshahara.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa wazee wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kuanzia miaka 70. Mtu hustaafu akiwa na miaka 60; miaka 10 ya katikati hutegemea akiba yake. Kwa hiyo kila mtumishi na aombe taarifa ya michango yake NSSF, ailinganishe na karatasi zake. Fedha iliyokatwa isipofika hazinani, ni heri ijulikane leo kuliko siku ya kustaafu.