Umeme Tunautaka, Ila Tuulizwe: Maswali ya Wananchi kuhusu Mpito wa Nishati

Februari 2016, wawekezaji waliokuwa wajenge mitambo 38 ya upepo Kinangop, kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, walitangaza kuachana na mradi wao. Miaka mitatu baadaye, Juni 2019, jopo linalosikiliza rufaa za mazingira nchini humo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Lamu. Wa Kinangop usingetoa moshi kabisa. Wa Lamu ungekuwa na bomba la moshi la zaidi ya mita 200. Yote miwili ilikwamishwa na wananchi.

Tukio hilo la pili wengi hulielewa haraka. La kwanza huwashangaza: nani akatae upepo? Majibu yafuatayo yanaeleza kwa nini chanzo kimoja cha nishati hupokelewa kwa vigelegele mahali pamoja na kwa mabango ya maandamano mahali pengine, na mwananchi afanye nini mradi unapobisha hodi kwake.

Tunaposema nishati "imekubalika", tuna maana gani?

Kuna kukubalika kwa aina tatu, na zikichanganywa mjadala hupotea. Ya kwanza ni ya nchi nzima: ukiuliza watu mjini kama wanapenda umeme wa jua au wa upepo, wengi watasema ndiyo. Ya pili ni ya jirani wa mradi, yule ambaye nguzo itasimama kwenye shamba lake la viazi. Ya tatu ni ya mtumiaji, yaani mama lishe au mwenye nyumba anayeamua leo apikie nini.

Mtu mmoja anaweza kusema ndiyo katika ngazi ya kwanza na hapana katika ya pili, na wala asiwe kigeugeu. Swali la kwanza linamuuliza maoni yake. La pili linamuuliza ardhi yake.

Kwa nini upepo ulikataliwa Kinangop?

Mradi ulipangwa kuzalisha megawati 60.8. Kinangop ni nchi ya baridi na wakulima wadogo: viazi, kabichi, ng'ombe wa maziwa, mashamba yaliyogawanywa tayari kwa watoto na wajukuu. Mnara mrefu katikati ya eneo la namna hiyo hauna pa kujificha. Aliyekodisha kipande cha shamba hulipwa kodi. Jirani yake, anayeuona mnara huo huo na kuusikia ukivuma, hapati kitu. Hapo chuki huanzia kwenye ua, kabla haijafika kwa kampuni.

Wasiwasi kuhusu afya na hofu ya kupoteza ardhi vilienea, wanasiasa wakaingia, na maandamano yakagharimu maisha ya mtu. Hakuna aliyekuwa akipinga umeme. Watu walikuwa wanauliza maswali ambayo hayakuwa yamejibiwa kwa wakati na kwa mtu waliyemwamini.

Na makaa ya mawe ya Lamu yalikwama wapi?

Mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, si mbali na Mji Mkongwe wa Lamu ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wapo wenyeji waliouunga mkono wakitarajia ajira na fidia. Wengine, hasa wavuvi, waliuliza maji ya moto yanayotoka mtamboni yatafanya nini kwa mikoko na mazalia ya samaki, na majivu yatakwenda wapi. Hayo si maswali ya woga. Makaa ya mawe yakiungua hutoa hewa ya salfa, chembechembe laini zinazoingia mapafuni, zebaki, na majivu mengi yanayopaswa kuhifadhiwa kwa miaka.

Hata hivyo, kesi haikuamuliwa kwa hoja ya moshi peke yake. Jopo lilieleza kuwa mikutano iliyofanywa na wananchi ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira kukamilika. Ripoti ilipokuwa tayari, yenye madhara na hatua za kuyapunguza, wananchi hawakurudiwa ipasavyo ili waijadili. Waliulizwa kuhusu kitu ambacho hawakuwa wameonyeshwa.

Je, wanaopinga si wale wanaotaka umeme, lakini mtambo ukajengwe kwa mwingine?

Wapo. Lakini mara nyingi kinyume chake ndicho kweli: mtambo uko kwao, umeme uko kwa mwingine.

Tazama Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa. Mfugaji aliye chini ya nyaya hizo huuliza kwa nini asishushiwe waya mmoja tu. Jibu la kifundi ni kwamba laini ya kilovolti 400 haigusiki. Ili nyumba ipate umeme lazima kijengwe kituo cha kupoza umeme na laini ndogo za kusambaza. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimwashii mtu taa. Kama kituo hicho hakikuwekwa kwenye mpango tangu mwanzo, mwenyeji ana haki ya kuuliza mpango ulichorwa kwa ajili ya nani.

Isitoshe, eneo lililokodishwa ni takriban ekari 150,000 za malisho ya jamii. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kuwa hatimiliki za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria, ikatoa muda wa mwaka mmoja wa kurekebisha. Upepo ni safi, lakini karatasi za ardhi zilikuwa na doa.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 2013, Mtwara ililipuka kwa kauli ya "gesi haitoki" baada ya mpango wa kujenga bomba la kusafirisha gesi asilia ya huko hadi Dar es Salaam. Watu walikufa, mali ikachomwa. Bomba lilijengwa na kuzinduliwa mwaka 2015. Gesi ilitoka, lakini swali la Mtwara lilikuwa halali tangu siku ya kwanza: sisi tuliokaa juu yake, tunabaki na nini?

Fidia ikilipwa, si yameisha?

Fidia hulipa nyumba na mazao. Hailipi njia ya kwenda kisimani, umbali wa shule, wala kukaa karibu na ndugu. Olkaria, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa jotoardhi. Walijengewa nyumba na kupewa ardhi. Bado walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wafadhili, na ikabidi yafanyike mazungumzo ya usuluhishi.

Moja ya kasoro zilizobainika ni ya lugha: Kimaa hakikutumika vya kutosha katika mashauriano, na nafasi ya wazee wa kimila haikuzingatiwa inavyostahili. Mzee anayefikiri na kuamua kwa Kimaa akielezwa mambo ya kuhama kwa lugha nyingine, ataitikia kwa adabu. Kuitikia huko kukiandikwa kuwa kukubali, mgogoro umeshapandwa.

Mitambo ya upepo inaleta maradhi?

Haitoi moshi wala mionzi ya kudhuru. Inachotoa ni kelele, na kivuli cha mapanga kinachokatakata mwanga jua linapokuwa chini. Kelele za karibu zinaweza kukera na kuharibu usingizi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza wastani wa kelele za mitambo ya upepo usizidi desibeli 45. Kwa hiyo swali la kuuliza ni mnara utakuwa mita ngapi kutoka kwenye nyumba, na nani atapima kelele ukishaanza kuzunguka.

Kwa nini nyuklia inatia watu hofu zaidi?

Kwa sababu ajali zake ni adimu lakini hazisahauliki, na kwa sababu taka zake hubaki hatari kwa maelfu ya miaka. Kwa upande mwingine, kinu cha nyuklia hakitoi hewa ukaa kinapozalisha, na huzalisha usiku na mchana. Huhitaji maji mengi ya kupoza, ndiyo maana wapangaji huangalia ufuo wa bahari au ziwa. Kenya ilipoelekeza macho Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, wavuvi na watu wa utalii walipinga, na Mei 2024 polisi waliwatawanya waandamanaji kwa nguvu. Kwenye nishati ambayo mtaji wake mkubwa ni imani ya watu, rungu huvunja kile hasa kinachohitajika.

Kuna mahali ambapo jambo hili limekwenda vizuri?

Kipeto, kaunti ya Kajiado, kuna mitambo 60 ya upepo yenye uwezo wa megawati 100, inayofanya kazi tangu 2021. Upepo ni ule ule uliokataliwa Kinangop. Tofauti iko kwenye mkataba: wafugaji wamebaki na ardhi yao na kuikodisha, wanapata sehemu ya mapato, na jamii ilitengewa hisa kupitia mfuko wake. Ng'ombe wanaendelea kula majani chini ya minara. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na hapo mkono haukuwa mtupu.

Sheria nayo inaweza kusaidia. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 inagawa mrabaha wa jotoardhi hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya eneo husika. Mtu anaweza kubishana kama 5 inatosha, lakini anabishana akiwa na namba mkononi.

Na jikoni je? Mbona watu hawaachi mkaa?

Mpito wa nishati si wa megawati tu. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Moshi wa kuni na mkaa huumiza mapafu ya anayepika na watoto walio karibu naye, na miti inaisha.

Lakini tazama hesabu ya anayeishi kwa kipato cha siku. Mkaa huuzwa kwa kopo; ana hela ya kopo moja, ananunua, anapika, siku inakwisha. Mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo. Hata kama kwa mwezi gesi ingemgharimu kidogo kuliko mkaa, hana hela yote kwa siku moja. Kuna pia maharage: nyumba nyingi zenye gesi huchemshia chai na kukaangia mayai, kisha maharage na makande hurudishwa kwenye mkaa kwa hofu ya kumaliza mtungi. Dawa yake si kumkaripia mpishi. Mita inayomwezesha kulipia gesi kidogo kidogo inajibu tatizo la kopo. Jiko la presha la umeme, ambalo huivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, linajibu tatizo la maharage. Nishati mpya hukubalika inapoingia kwenye mkoba na kwenye sufuria ya mtu kama vilivyo.

Nikiitwa kwenye mkutano wa mradi, niulize nini?

Mikutano mingi hufanana. Turubai limefungwa, viti vya mbele ni vya wageni, kina mama wako nyuma, ripoti ya mamia ya kurasa iko mezani kwa Kiingereza. Mtaalamu anazungumza nusu saa, soda zinagawiwa, karatasi inapitishwa. Kabla hamjaachana, uliza haya:

- Ripoti ya athari kwa mazingira imekamilika? Muhtasari wake uko wapi kwa lugha tunayoisoma?
- Ardhi itanunuliwa, itakodishwa au itatwaliwa? Kwa miaka mingapi, na mkuza wa nyaya au bomba utapita kwa nani?
- Jirani asiye na mnara shambani atapata nini?
- Kijiji hiki kitaunganishwa na umeme? Kituo cha kupoza kimo kwenye bajeti?
- Ajira ni ngapi wakati wa ujenzi, na ngapi zitabaki ujenzi ukiisha?
- Mtambo ukichakaa, nani atauondoa, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi?
- Nikiwa na malalamiko nimwone nani, na atanijibu ndani ya siku ngapi?

Kama hukuridhika, usikae ukihesabu miaka. Nchini Kenya, rufaa dhidi ya leseni ya mazingira hupelekwa ndani ya siku 60. Tanzania, maoni na pingamizi kuhusu tathmini hupelekwa kwenye baraza la taifa la mazingira, NEMC, na mambo ya ardhi ya kijiji huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Na ile karatasi inayopitishwa mwishoni, soma kichwa chake kabla hujatia saini. Ikiandikwa "mahudhurio", umeshuhudia kuwa ulikuwepo. Ikiwa haina kichwa, kiandike wewe.