Faili la Mipangilio: Kihariri Matini Kinalitafuta Wapi?

Mfano. Asha anajifunza kompyuta katika duka la stesheni, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kompyuta ni ya Linux, na watu watatu wanaitumia, kila mmoja kwa akaunti yake. Asha anataka programu ya Vim ionyeshe namba za mistari. Anaandika `set number` katika faili la `.vimrc`, analihifadhi kwenye folda ya nyaraka, kisha anafungua Vim upya. Namba hazionekani! Amri ni sahihi. Kosa ni mahali alipoliweka faili.

Mpangilio wa utafutaji (Ubuntu)
1. Faili la mfumo: `/etc/vim/vimrc`. Linawahusu watumiaji wote.
2. Faili la mtumiaji: `~/.vimrc`. Lisipokuwepo, Vim hutafuta `~/.vim/vimrc`.

Alama `~` ni folda ya nyumbani ya mtu aliyeingia kwenye akaunti. Katika Windows, faili la mtumiaji huitwa `_vimrc`.

Fikiria soko: kanuni za soko zinawahusu wafanyabiashara wote, kisha kila mwenye kizimba hupanga chake. Tofauti ni kwamba katika Vim mipangilio ikigongana, ya mtumiaji hushinda kwa sababu husomwa baadaye.

Zingatia
- Faili linaloanza na nukta hufichwa. Lione kwa amri `ls -a`.
- Ndani ya Vim, `:version` huonyesha mahali panapotafutwa, na `:scriptnames` huonyesha mafaili yaliyosomwa, kwa mfuatano.

Je, wajua? Vim ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi. Ni ya bure, lakini aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na Tanzania, alikofanya kazi mwaka 1994.

Swali. Faili la mfumo lina `set tabstop=8`. Faili la Asha, lililo mahali sahihi, lina `set tabstop=4`. Juma hana faili lake. Kila mmoja atapata tabo ya nafasi ngapi? Toa sababu. (Alama 4)

Jibu. Asha atapata 4 (alama 1), kwa kuwa faili lake husomwa baada ya la mfumo (alama 1). Juma atapata 8 (alama 1), kwa kuwa la mfumo peke yake ndilo linalomhusu (alama 1). Ukitaja namba bila sababu, umepoteza nusu ya alama.