Mwanamume au Mwanamke? Kutambua Jinsi ya Marehemu kwa Mifupa Yake

Wachimbaji wa msingi wa nyumba au shimo la choo katika maeneo yanayopanuka ya Dar es Salaam, kama vile Mbagala wilayani Temeke au Bunju wilayani Kinondoni, wanaweza kukuta mifupa ya binadamu. Huenda ni kaburi la zamani lililosahaulika. Huenda pia ni mtu ambaye jamaa zake wangali wanamtafuta. Swali la jinsi huulizwa mapema, kwa sababu jibu lake hupunguza takriban kwa nusu orodha ya waliopotea. Likikosewa, jina la marehemu huondolewa katika orodha hiyo, na familia hubaki bila kaburi.

Nyonga

Ushahidi wa kuaminika zaidi umo katika nyonga, kwa kuwa nyonga ya mwanamke humwezesha mtoto kupita wakati wa kuzaliwa. Pembe iliyo chini ya mifupa ya kinena huwa pana kwa mwanamke na finyu kwa mwanamume. Mwaka 1969, Mmarekani T. W. Phenice alieleza alama tatu za mfupa wa kinena zilizotambua jinsi kwa usahihi wa takriban asilimia 96, ingawa watafiti waliomfuata hawakukifikia kiwango hicho kila mara.

Fuvu na mfupa wa paja

Fuvu la mwanamume kwa kawaida huwa na tuta zito juu ya macho na kinundu kikubwa nyuma ya sikio. Hata hivyo, wapo wanawake wenye mafuvu mazito na wanaume wenye mafuvu laini. Upana wa kichwa cha mfupa wa paja nao husaidia, lakini viwango vilivyowekwa Ulaya au Marekani havifai kutumiwa hapa kabla ya kuhakikiwa: mwanamume mwenye umbo dogo anaweza kuhesabiwa kuwa mwanamke.

Mifupa isipotosha

Mifupa ya mtoto ambaye hajabalehe haitoi jibu la kuaminika. Hapo hutegemewa vinasaba, ambavyo nchini huchunguzwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Nchini Kenya, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa Shakahola kuanzia mwaka 2023, ilibidi vinasaba vya jamaa vilinganishwe na vya marehemu kabla ya familia kukabidhiwa miili.

Wajibu wa mhudumu na wa familia

Mhudumu wa afya anayeitwa kwanza asiiokote mifupa wala kuiosha. Mfupa wa kinena huvunjika upesi, na pamoja nao hupotea jibu. Uchimbaji usimamishwe, eneo lizuiwe, polisi na serikali ya mtaa wajulishwe.

Familia iliyopotelewa na ndugu itunze kadi zake za hospitali na picha za eksirei, na ieleze urefu wake, meno yaliyong'olewa na mifupa iliyowahi kuvunjika. Jinsi hupunguza orodha. Kumbukumbu hizo ndizo huweza kurudisha jina.