SIMU INAYOSTAHIMILI MAJI: SOMA TARAKIMU, USISOME MANENO

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipita madukani utasikia, "Kastoma, hii haiingii maji kabisa, mali safi!" Je, utajuaje? Najua shuleni rununu ni marufuku. Lakini likizoni wengi wetu ndio washauri wa wazazi wanapotaka kununua simu. Basi tuseme mzazi ameweka kando kiasi cha wastani, shilingi 30,000 hivi, naye anataka simu ya kudumu. Tumshauri nini?

Jambo hili si mchezo. Shangazi yangu huuza samaki Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Tangu alfajiri mikono yake haikauki, na kila mteja anataka kulipa kwa M-Pesa. Mwaka jana simu yake ilitumbukia ndani ya karai la maji ikazimika, ikawa ndiyo mwisho wake. Pesa hazikupotea, maana pesa hufuata laini wala hazifuati kifaa. Lakini picha za daftari la madeni zilizama zote. Wadeni wengine hadi leo wanasema, "Mama, mimi si nilishalipa?" Na muuzaji alikuwa amemwapia ati simu ile haiingii maji!

1. Tuanze na neno
Sisi wapenzi wa Kiswahili tupambanue maneno mawili. "Kutoingia maji" ni ahadi isiyo na mpaka. "Kustahimili maji" ni kuvumilia kwa kiasi fulani na kwa muda fulani. Mtengenezaji makini huahidi hili la pili tu. Anayekuahidi la kwanza, muulize tarakimu.

2. Tarakimu zenyewe
Kipimo hiki cha kimataifa huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ukiona herufi X mahali pa tarakimu, jua kipimo hicho hakikutolewa.
(a) IP52: hustahimili matone yanayodondoka tu.
(b) IP54: hustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, kama manyunyu. Kuzama, la hasha!
(c) IP67: vumbi haliingii, na yaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30.
(d) IP68: yaweza kuzama zaidi ya hapo, ila kina na muda hutajwa na mtengenezaji mwenyewe. Soma karatasi yake.

Simu za kampuni moja zaweza kutofautiana. Samsung Galaxy A16 iliyotoka mwaka 2024 ina IP54, ilhali Galaxy A26 ya mwaka 2025 ina IP67. Kwa macho zinafanana kama ndugu, lakini karai la shangazi lingezitenganisha mara moja.

3. Mipaka ya ustahimilivu
Majaribio haya hufanywa kwa maji safi, simu ikiwa mpya. Maji ya bahari, sabuni na chai hayamo. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wakumbuke kwamba chumvi hula chuma. Tena gundi na mipira inayoziba simu huchakaa. Simu ikianguka vibaya au ikifunguliwa na fundi, kinga hupungua. Ndiyo maana simu kuukuu ya kifahari yenye IP68, hata ikiuzwa kwa bei yetu ile ile, si ya kuaminiwa majini, kwani hujui imefunguliwa mara ngapi. Dhamana nayo mara nyingi hailipii simu iliyoharibiwa na maji. Soma kabla ya kutoa pesa.

4. Kuanguka
Simu nyingine huandikwa MIL-STD-810H. Hicho ni kipimo cha jeshi la Marekani, lakini mtengenezaji huchagua ni majaribio yapi atakayoyafanya. Uliza yapi. Kava yenye kingo zilizoinuka kuzidi kioo ni kinga ya bei ndogo.

5. Ushauri wangu
Anayefanya kazi kando ya maji achukue IP67, hata kama kamera itakuwa ya kawaida. Anayenyeshewa tu njiani yamtosha IP54 na mfuko wa plastiki. Kisha aulize simu itapata masasisho kwa miaka mingapi. Kamera na rangi zije mwisho.

Na ikilowa? Izime, ifute, iache mahali penye hewa. Usiichaji mpaka tundu likauke. Usiizike ndani ya mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple ilionya kwamba chembe za mchele zaweza kuiharibu simu. Na lililo muhimu zaidi, madeni yaandikwe pia kwenye daftari la karatasi linalokaa nyumbani.

ZOEZI
1. Eleza tofauti kati ya "kutoingia maji" na "kustahimili maji".
2. Mvuvi wa Lamu anataka simu yenye IP67. Mpe tahadhari mbili.
3. Tunga sentensi moja utakayomwambia muuzaji anayesema, "Hii haiingii maji kabisa."