SOMO LA ROBO HII: GARI LIPO, LAKINI NANI ANAWEZA KUPANDA?



Tunapozungumzia usafiri hapa Endagikot, huwa tunahesabu magari: yapo mangapi, yanaondoka saa ngapi. Robo hii tuwatazame wale ambao gari linafika, lakini kulipanda ni shida: mzee mwenye mkongojo, mama mjamzito aendaye kliniki, mwenzetu atumiaye kiti cha magurudumu.

Katika Marko sura ya 2, watu wanne walimleta kwa Yesu mwenzao aliyepooza. Yesu hakumkataa, kilichomzuia ni umati mlangoni. Ndipo wakafungua dari.

Tujifunze kutoka Dar es Salaam. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, katika njia ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, sakafu ya vituo ilijengwa kimo kimoja na sakafu ya basi. Mwenye kiti cha magurudumu aliweza kuingia bila kubebwa. Lakini mabasi yalipokuwa machache kuliko abiria, watu walisongamana mlangoni, na katika msongamano mnyonge ndiye hubaki nyuma. Kumbe kujenga vizuri hakutoshi. Lazima pia kusimamia vizuri.

Sisi hatuna fedha za jiji. Hata hivyo, jukwaa dogo la mawe na saruji, lenye mteremko upande mmoja na paa la kukinga mvua, haliwashindi waumini na wafadhili wakishirikiana. Kwanza tuonane na ofisi ya kata na TARURA, ambayo tangu 2017 husimamia barabara za vijijini na mijini. Kisha tukae na madereva na makondakta, tukubaliane gari lisimame sambamba na jukwaa, na wasio na nguvu wapande kwanza. Watu wenye ulemavu wawemo katika kamati tangu kikao cha kwanza. Kufikia huduma za umma ni haki yao chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Si fadhila yetu.

Maswali ya kujadili:

1. Ni nani katika jumuiya yetu ameacha kusafiri kwa sababu hawezi kupanda gari?
2. Tumewahi kumuuliza mwenyewe anahitaji nini?
3. Jukwaa likikamilika, nani atalitunza na kusimamia makubaliano na madereva?